Dirisha la Pili la Vinywaji

Foleni ilianzia kwenye kaunta ya vinywaji, ikapita mbele ya lifti, ikakata kona kwenye ngazi na kuishia mahali ambapo watu hawakujua tena wamepanga foleni ya nini. Meli ilikuwa bado haijang'oa nanga. Ilikuwa saa nane mchana, joto limepamba moto, na abiria mia tisa walikuwa wameambiwa jambo moja kwa wakati mmoja: chakula kimelipiwa, kitanda kimelipiwa, lakini mwenye kiu anunue kadi.

Wote waliokuwa kwenye foleni ile walinung'unika. Mmoja tu alisimama pembeni, mikono mfukoni, akitabasamu kama mtu aliyeona shangazi yake tajiri anashuka kwenye teksi.

Majina yake halisi hayatuhusu, maana alikuwa nayo kadhaa. Walimwita Hakika kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kulichomeka neno hilo, hasa anapodanganya. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasalimu amri, na sauti ya kumlaza mtoto mwenye homa. Tiketi ya safari hii ya siku nne aliipata kwa njia ambayo si lazima tuieleze. Inatosha kusema kwamba mwenye tiketi bado anaitafuta.

"Samahani kaka," alimwambia bwana mmoja aliyekuwa anatoka kaunta akijifuta jasho, "naomba niione hiyo kadi."

Ilikuwa ya rangi ya bluu, na nanga ya dhahabu mbele. Glasi kumi, elfu themanini. Hakika akaishika kwa heshima, akairudisha, akashuka zake ghorofa ya saba akiwaza. Huko akakuta toroli la wafuaji limeachwa nje ya chumba cha kufulia, na juu yake bunda la kadi za bluu zenye nanga ya dhahabu. Wenye meli, kwa kubana matumizi, walikuwa wamechapisha kila kitu kwa sura moja. Nyuma ya kadi hizi paliandikwa: mashati mangapi, suruali ngapi, soksi jozi ngapi.

Hakika aliangalia kulia, akaangalia kushoto, na bunda likahama.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kesho yake saa nne asubuhi meli ingetia nanga kwenye bandari ndogo, abiria washuke kununua kofia na sabuni za kunukia. Yeye angeshuka nao. Kurudi, angewaachia wao.

Saa tisa alikuwa ameshatandika shuka juu ya meza ya kupigia pasi, kwenye kona nyuma ya chumba cha kufulia, na kubandika karatasi: DIRISHA LA PILI. Kila kadi aliitia kwenye mfuko mdogo wa nailoni, nyuma akaizibia na kipande cha karatasi nyeupe chenye sahihi iliyojikunja kama tambi.

Wa kwanza kufika walikuwa ndugu wawili. Mkubwa alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye macho ya kupima, ambaye kwa miaka thelathini na tano alikuwa ameambiwa "sisikii uchungu bado" na kila aina ya mwongo. Mdogo wake wa kiume alikuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka ule alikuwa amepandisha kodi mara mbili.

"Shikamoo mama," alisema Hakika.

"Marahaba mwanangu. Hili nalo dirisha la nini?"

"Hili si dirisha, mama, ni neema. Kule juu wanauza glasi kumi kwa elfu themanini. Hapa elfu hamsini, na unakunywa mpaka safari iishe. Hakuna kikomo, hakika."

Mwenye nyumba alikunja uso. "Na kwa nini huku iwe rahisi?"

Hakika akainama, akashusha sauti. "Mzee wangu, hizi ni kadi za ndugu wa wafanyakazi. Zimebaki chache. Lakini nikisikia umemtajia mtu wa kule juu, mimi sikujui na wewe hunijui."

Lilikuwa pigo safi. Mtu akishapewa siri ya kumwibia mwingine, hujisikia mjanja, na anayejisikia mjanja hakagui bidhaa. Mwenye nyumba alinunua kadi yake, akamlipia na dada yake, kisha akaomba apunguziwe ya tatu ya akiba.

Mama Mkunga aliigeuzageuza ya kwake. "Mbona imevishwa nailoni?"

"Ina mtambo ndani, mama. Ukiifungua inajifuta. Na inaanza kufanya kazi kesho saa sita mchana, lazima kwanza isajiliwe."

"Haya," alisema Mama Mkunga, akaitia kifuani.

Hadi saa kumi na moja, kadi ishirini na mbili zilikuwa zimeenda. Hakika alizigawa noti kwenye soksi zote mbili, akatembea kurudi chumbani kama mtu mwenye malengelenge, akajitupa kitandani na kucheka peke yake.

Asubuhi, saa tatu na nusu, alikuwa mlangoni pa kushukia, begi begani, wa kwanza kabisa. Kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu abiria, habari za asubuhi. Kwa sababu ya upepo mkali bandarini, leo hatutatia nanga. Tutaendelea moja kwa moja hadi mwisho wa safari, keshokutwa jioni. Tunawatakia mapumziko mema."

Hapa tumwonee huruma kidogo. Kazi ya Hakika ilitegemea kitu kimoja tu, kona ya mtaa. Unauza, unakata kona, umekwisha kuwa mtu mwingine. Aliangalia maji upande huu, akaangalia maji upande ule. Hayakuwa na kona hata moja. Tena mlinzi aliyesimama pale mlangoni, mtu mwenye umbo la jokofu, alikuwa anamsimulia mwenzake jinsi walivyomfungia mwizi wa saa katika kile chumba kilicho jirani na injini, hadi polisi walipokuja kumchukua.

"Kuna joto sana mle," alisema mlinzi. "Jamaa alitoka amepungua."

Saa sita kamili, watu ishirini na wawili walikuwa mbele ya meza ya kupigia pasi, kadi zikining'inia shingoni kama nishani. Hakika aliwatazama. Nao wakamtazama. Mlinzi alikuwa anapita taratibu mwisho wa ukumbi.

"Karibuni!" alipaza sauti Hakika, na yeye mwenyewe akashangaa kuisikia. "Karibuni kwenye baa yenu! Ninyi hamna haja ya kupanda ngazi na kusukumana. Mtasema mnachotaka, nami nitawaletea hapa hapa."

"Juisi ya nanasi," alisema Mama Mkunga, akivuta kiti. "Glasi kubwa."

"Wiski," alisema mdogo wake, ambaye nyumbani alikunywa maji ya bomba. "Mbili. Moja ya kushika."

Basi Hakika akapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, akapanga foleni ileile aliyoicheka jana, akatoa noti kwenye soksi ya kushoto.

"Kadi tatu, dada."

Dada wa kaunta alizichukua zile noti kwa ncha za vidole. "Zina unyevunyevu."

"Zimetoka mbali."

Akashuka na sinia la glasi ishirini na tatu. Alipomaliza kugawa, glasi ya juisi ya nanasi ilikuwa tupu, inamsubiri.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile, na kesho yake vivyo hivyo. Juu na chini, juu na chini, ghorofa ya saba na ya tisa, sinia begani. Alijaribu kuwachosha kwa kuchelewa, wakaleta karata. Alijaribu kusema barafu imekwisha; wakasema wanapenda hivyo hivyo. Asubuhi ya pili akajaribu maji: akaongeza nusu glasi ya maji kwenye kila juisi.

Mama Mkunga alionja mara moja tu, akaiweka mezani.

"Mwanangu."

"Naam mama."

"Hii juisi imeoga."

Watu wakacheka hadi karata zikadondoka. Hakika akarudi ngazini na sinia lake, masikio yanawaka moto.

Na jambo la ajabu, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba kazi ilianza kumkaa. Alijua nani anapenda limau na nani anakohoa akipewa baridi. Kijana mmoja wa ghorofa ya tisa alipomjazia soda badala ya maziwa, Hakika aligomba kweli kweli: "Mteja wangu ana vidonda vya tumbo! Unataka kumuua?" Kisha akajiuliza huyo aliyesema ni nani.

Lakini soksi ya kushoto ilikuwa imekwisha, na ya kulia ilikuwa inapumua kwa shida. Hapo, mchana huo wa pili, wakaja watu wengine kumi na watano wakiongozwa na mwenye nyumba.

"Hawa jamaa wamesikia habari zako," alisema. "Wanataka kadi."

Mtu mwenye akili angesema zimekwisha. Hakika aliona elfu hamsini hamsini kumi na tano zikimpungia mkono. Alijua kabisa kwamba anachimba shimo jipya ili apate udongo wa kufukia la zamani. Akaziuza zote. Sasa akawa na vinywa thelathini na saba, na sinia moja.

Siku ya mwisho, saa sita mchana, hakuwa na kitu. Soksi zilikuwa soksi tu. Hata nauli yake ya kurudi nyumbani, aliyokuwa ameishonea ndani ya mkanda, ilikuwa imegeuka kadi mbili za mwisho na kuishia kwenye koo la mwenye nyumba. Alisimama nyuma ya meza ya kupigia pasi, akawatazama wale thelathini na saba.

"Ndugu zangu," alisema. "Leo baa imefungwa. Niwaambie ukweli, haki... niwaambie ukweli tu. Zile kadi..."

"Ni za kufulia," alisema Mama Mkunga.

Akatoa ya kwake kifuani, akaigeuza. Ile karatasi nyeupe haikuwepo.

"Niliifungua jioni ileile. Mimi nimefanya kazi ya kufungua vitu maisha yangu yote. Nikasoma: mashati, suruali, soksi jozi ngapi. Nikawasomea na wenzangu wakati wa chakula."

"Mlijua?" aliuliza Hakika. "Wote?"

"Wote. Mdogo wangu alitaka twende kwa walinzi. Nikamwambia tukienda, huyu atafungiwa kule chini na hela zetu hatutaziona. Twende kwanza mezani kwake tukamwangalie usoni. Tukafika, ukasema karibuni." Akainua mabega. "Tukakaribia."

"Na wale kumi na watano?"

Mwenye nyumba alikohoa kwa adabu. "Tuliona jana umeanza kuweka maji. Tukajua biashara imeyumba. Nikazunguka kwenye meza za chakula nikakutafutia mtaji."

"Walijua nao?"

"Kaka," alisema mmoja wa wale kumi na watano, "glasi saba kwa elfu hamsini. Kule juu ningepata sita."

Hakika alikaa juu ya ndoo. Ngazi zikasikika, akashuka mkuu wa vinywaji wa meli, suti nyeusi, amebeba shada la maua, nyuma yake mpiga picha na dada wa kaunta.

"Ni huyu," alisema dada wa kaunta.

"Hongera sana!" Mkuu wa vinywaji alimshika mkono na kuutikisa. "Tangu meli hii ianze safari hatujapata mteja kama wewe. Glasi mia mbili na hamsini, mtu mmoja, siku tatu! Picha yako itakaa kwenye ukuta wa baa, na nyingine tutaibandika bandarini, watu wote wakuone."

Hakika, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewakwepa wapiga picha wote, alipigwa picha tatu na maua mkononi, huku wateja wake wakishangilia na kupiga meza.

"Na jambo dogo," aliongeza mkuu wa vinywaji, akishusha sauti. "Daktari wa meli anaomba akuone. Ana wasiwasi na ini lako."

Daktari alimlaza, akamminya tumbo, akamwangalia ulimi, akavuta ngozi ya mkono. Akavuta tena. Akaangalia karatasi yenye idadi ya glasi, akamwangalia mgonjwa, akavua miwani.

"Bwana, mimi sielewi. Mwili wako umekauka. Hauna maji kabisa. Siku hizi tatu umekunywa nini?"

Hakika alifikiri kwa muda mrefu. Alipitia kumbukumbu zote, glasi moja baada ya nyingine, kila sinia na kila ngazi.

"Hakuna, daktari," alisema. "Sikupata nafasi."

Akatundikiwa maji, akalala palepale hadi meli ilipotia nanga jioni. Walipomwamsha, abiria wote walikuwa wameshashuka. Aliteremka na plasta mkononi, bila senti, akakuta Mama Mkunga amekaa juu ya begi lake karibu na lango.

"Umechelewa," alisema. "Mdogo wangu ana gari. Kaa mbele, mimi nyuma nitalala."

"Mama, mimi sina hata..."

"Nimekuuliza una nini? Ingia."

Waliondoka bandarini taratibu. Nyuma, Mama Mkunga alikuwa anakoroma kabla hata hawajaiona barabara kuu. Mwenye nyumba aliendesha kidogo, akarekebisha kioo, akakohoa.

"Hivi unakaa wapi siku hizi, kaka?"

"Hapa na pale."

"Nina chumba kimoja kimebaki. Kizuri, hakina kelele, maji siku saba. Sikitangazi, nakwambia wewe tu. Wako watu wanne wanakililia, lakini ukiahidi miezi mitatu leo hii, nawaambia kimeshachukuliwa."

Hakika aligeuka, akamtazama usoni. Kila neno la maneno yale aliwahi kulisema yeye mwenyewe, kwa mpangilio uleule, kwa sauti ileile ya chini. Akajaribu kujizuia. Akafunga mdomo, akashika mlango wa gari, mabega yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamponyoka, kikubwa, cha machozi, mpaka Mama Mkunga akaamka kule nyuma na kuuliza ni nani anayejifungua.