Kigunia cha Kulalia cha Flora

Jumatatu, 8 Julai 2024

Asubuhi mbaya. Mke wangu Lukresia kamkuta binti yetu Flora kajifunika shuka usoni. Mtoto wa miezi miwili na nusu, lakini mateke yake ni ya ndama! Hakuwa na neno, alikuwa anacheka tu humo ndani. Lukresia kalia. Mimi nikakaa juu ya beseni la kuuza, likapasuka, wala sikujali.

Mama mkwe kasikia yote. Yuko hapa wiki ya tatu, katoka kwake Nyalikungu, Maswa, kuja kumsaidia binti yake. Mwanamke wa shoka! Anateka maji, anapika, anakanda mtoto, na taarifa ya habari haimpiti. Hakuna mtu Bariadi nzima ninayemheshimu kama yeye. Na kwa mila zetu Wasukuma namheshimu kwa mbali. Sili naye, sikai naye, simwangalii usoni, nikikutana naye njiani napisha. Naye hasemi na mimi. Anasema na Flora, mimi nasikia.

Leo kamwambia Flora, kwa sauti ya kufika dukani kwangu mbele ya nyumba, amwambie baba yake kuwa Jumamosi bibi, mama na mtoto wanakwenda Maswa. Kule hakuna mtoto anayelala na shuka puani. Labda kama baba ana dawa kabla ya Jumamosi.

Nyumba bila Flora? Bila Lukresia? Siwezi! Nikapaza sauti, nikamwambia Flora amwambie bibi yake kuwa dawa ipo.

Haipo. Itakuwepo.

Nimekumbuka jambo. Siku ya kupima uzito, muuguzi wa kliniki alisema kuna vigunia vya kulalia. Mtoto anavaa kama gauni lililofungwa chini, hahitaji shuka tena. Akaeleza na namna ya kuchagua. Nilisikiliza mwanzo. Halafu nikaanza kuwaza namna ya kuviuza.

Jumanne, 9 Julai

Nimekipata! Mtumba safi, bluu, zipu nzima, nimekichomoa chini kabisa ya lundo kabla mama mmoja hajakiona. Ni cha mtoto wa miaka miwili. Ndiyo, nilijua. Kila mzazi mwenye akili hapa ananunua sare ya darasa la kwanza itakayofika darasa la nne. Nani ananunua nguo ya leo tu?

Tumemvisha. Flora kapotea. Shingo ya kigunia imepita kichwa, ikapita na bega. Tumemkuta chini kabisa, ananyonya kidole, mwenyewe kajiona yuko nyumbani.

Mama mkwe kamwambia Flora amwambie baba yake kuwa sare kubwa inachekesha, lakini kigunia kikubwa kinameza kichwa. Shingoni kiingie kidole, kichwa kisipite. Nimechungulia kwenye pazia, nikamwona akipima. Kidole shingoni, kiganja kwapani, basi, kamaliza. Hana futi wala chaki! Kwa kweli nimeona fahari kuwa mkwe wa mtu kama huyo.

Lukresia kauliza kama dawa ni hiyo. Nimesema hilo lilikuwa jaribio.

Jumatano, 10 Julai

Kaja Constantine. Kaka yake Lukresia, karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Kashika kifurushi kutoka Mwanza. Ndani, kigunia kipya, saizi ya Flora kabisa, kina kofia yenye masikio ya sungura na kamba za kufunga shingoni. Lukresia kapiga kigelegele. Mimi nikahamia na chai yangu nyuma ya pazia.

Lakini mama mkwe! Kachukua ile kamba, kaizungusha kwenye kidole chake mwenyewe, kaivuta, kamwonyesha Constantine kidole kinavyovimba. Kisha kaivuta kofia mpaka ikafunika pote uso wa mtoto unapokaa. Huyo ni mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo kamwambia laivu bila kupitia kwa Flora. Kasema zawadi nzuri, akampe mtu anayefuga sungura.

Furaha gani hii! Nimetoka nje, nimecheka nyuma ya choo mpaka mbavu zikauma. Mama asiyependelea hata damu yake! Watu wa namna hiyo ndio wanaotakiwa kuwa mahakimu.

Constantine kanikuta pale pale nacheka. Kasema yeye walau alijua saizi ya mtoto. Fidhuli huyu. Ila ni kweli.

Zimebaki siku mbili. Nashona mwenyewe. Sisi si ndio watu wa pamba?

Alhamisi, 11 Julai

Nimechukua pamba kwa rafiki yangu Jilala, aliyeleta mzigo kutoka Mwandoya. Nimempelekea fundi Masunga. Nimemwambia ajaze, asione huruma. Julai hii asubuhi kuna baridi, na mtoto wangu hatatetemeka katika mkoa unaolima pamba hivi! Masunga kasema hajawahi kushona godoro lenye zipu. Nimemwambia ashone, asinifundishe.

Kazi imetoka. Kigunia kinasimama chenyewe mezani. Nimekizunguka mara tatu, nimejipongeza.

Flora kavikwa kwa usingizi wa mchana. Haikupita muda, mashavu ya moto, analia kilio cha kukwama. Mama mkwe kapitisha mgongo wa kiganja nyuma ya shingo ya mtoto. Jasho! Kamvua pale pale. Kamwambia Flora amwambie baba yake kuwa mtoto hawezi kusema anaungua, kwa hiyo shingo yake ndiyo inayosema. Na kama baba anabisha, alale yeye humo, mchana huu wa Bariadi.

Hapo kanichokoza. Pamba na kitambaa vimebaki vingi.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika kwa aibu. Lakini shajara ni ya ukweli.

Masunga kanishonea cha kwangu. Saa saba mchana, uani nyuma ya duka, nimebaki na fulana na bukta, nikaingia. Mikono ndani. Masunga kanifungia zipu mpaka kidevuni, kaniachia kiti, kaenda kula. Mpango ulikuwa nusu saa. Nikitoka mkavu, mama mkwe ananyamaza na Flora habanduki.

Dakika ya tano, nilikuwa natokota. Dakika ya kumi nikasema yatosha. Zipu imeng'ata pamba! Haipandi, haishuki, na mikono iko ndani.

Mara nikasikia kandambili. Mama mkwe, anakuja kuchukua beseni la kuogeshea mtoto. Mkwe mtu yuko na bukta! Njia ni moja, na mila inasema nimpishe. Nikaruka. Mruko wa kwanza salama. Wa pili nikayumba. Wa tatu nikaingia kwenye rundo la ndoo, zikaporomoka zote, na mimi nikabingirika mpaka miguuni pake.

Nilimwomba Mungu anichukue.

Kajifunika uso kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza, nimevunja heshima, sasa Flora anakwenda Maswa leo hii. Nikafumba macho. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka kashika ukuta! Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nioe, kasema na mimi. Mimi mwenyewe, si Flora. Kasema, Athanasi mwanangu, tulia usije ukajivunja. Kisha kanipa mgongo kwa heshima, kamwita Lukresia alete mkasi.

Nimetolewa nikiwa nafuka mvuke. Mwanangu! Kaniita mwanangu!

Mchana huo huo kamtuma Lukresia aombe shati langu jeupe la pamba, lile jepesi la harusi. Nimelitoa bila kupumua. Kafumua zipu ya kigunia cha bluu, aishonee kwenye shati. Kakaa mkekani na sindano ya mkono. Shingo ya kukaa sawasawa. Kwapa bila mikono, ili mtoto apate hewa. Chini kapanua, Flora akunje miguu kama chura, ndivyo anavyopenda. Kichwa cha zipu kakifunika kwa kitambaa kisimkwaruze kidevu. Masunga kaja kuchungulia, kauliza huyu mama kasomea wapi ufundi. Nimemjibu kwa majivuno, kana kwamba nilimfundisha mimi.

Flora kalazwa chali. Kalala saa tatu nzima! Shingo kavu. Mimi na Lukresia tulisimama mlangoni tunamwangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Nimelia kidogo. Nampenda mtoto huyu mpaka naogopa.

Jumamosi, 13 Julai

Hawaendi! Mama mkwe kamwambia Flora amwambie baba yake kuwa mama na mtoto watabaki, bibi ataondoka peke yake. Sharti moja tu. Kitandani awepo Flora na kigunia chake. Kisiingie kitu kingine, hata kiwe kizuri namna gani. Akisikia kimeingia kitu, anakuja kuwachukua wote wawili, na hapo hatapitisha maneno kwa Flora.

Nimeapa. Nimembebea mzigo mpaka stendi, hatua ishirini nyuma yake. Basi lilipoondoka, nililipungia mkono mpaka likapotea. Akili ni nywele, lakini yule mama anatusuka sote.

Nimerudi nyumbani, nimekiangalia kitanda cha Flora. Kitupu mno! Mtoto mmoja na shuka iliyotandikwa, basi. Mtu akipita atasema baba hajali. Na mama mkwe hajapewa hata asante inayoonekana. Nimekwenda kwa Masunga mbio.

Jumapili, 14 Julai

Imependeza! Mto mdogo uliotariziwa jina la mama mkwe kwa uzi mwekundu. Mito mingine minne ya pembeni, Flora asigonge mbao. Na ng'ombe wa kitambaa, mkubwa kumshinda Flora, ana pembe. Nimepanga vyote wakiwa kanisani. Sijavunja sharti. Alisema kisiingie kitu, na hivi si vitu, ni heshima yake.

Lukresia karudi, kaangalia. Hajagomba hata kidogo. Mke mwema! Kavitoa vyote taratibu, kavipanga sakafuni, katoka nje na simu.

Mama mkwe anakuja kesho na gari la kwanza. Hata siku mbili hazijapita! Bila shaka kasimuliwa habari za mto, kashindwa kuvumilia. Tena Lukresia kasema safari hii mama yake ataongea na mimi uso kwa uso. Heshima gani hii!

Sasa hivi Lukresia anapanga nguo za Flora kwenye begi. Zote, na kadi ya kliniki. Nadhani anamwachia mama yake nafasi kabatini. Begi limekuwa zito, nimemsaidia kulibeba mpaka mlangoni.