Ridhaa ya Marehemu Mke Wangu kwa Mkopo wa Nyumba

Felisian Mugeta,
Butiama.

Kwa Bi. Yasmin,
Meneja wa Tawi,
Musoma.

Mheshimiwa Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima wewe, wasaidizi wako, na wote walioko nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo halihusiani na benki. Ninaomba radhi kwa kuchelewa kuijibu barua yenu ya mwezi Februari. Mapadri walionifundisha walikataza kujibu barua usiyoielewa, na barua yenu ilifuatana na kijitabu cha kurasa arobaini kuhusu aina za mikopo ya nyumba. Nimekisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya kuazima. Sasa ninaamini nimekielewa, na ndiyo sababu ninalalamika.

Utakumbuka kwamba niliomba mkopo wa kuezeka nyumba yangu ya vyumba vinne, niliyomwahidi mke wangu Jenoveva tulipokuwa vijana. Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Matofali mengi aliyafyatua yeye, mimi nikiwa karani wa pamba kule Bunda. Alifariki miaka saba iliyopita kabla ya kuona bati hata moja, akazikwa mbele ya nyumba hiyo kama ilivyo desturi yetu, hatua sita kutoka mlangoni. Mimi ninaishi katika nyumba ya zamani, ambamo mvua huingia bila hodi. Hati ya kimila ya kiwanja chote, pamoja na nyumba na kaburi, ndiyo mnayoitaka iwe dhamana. Kwa unyenyekevu mkubwa, malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu chasema mkopo ulio mwepesi kuliko yote ni ule wa kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Nikitaka kuwatii, nilimwendea jirani yangu Jastin, nikamwuliza kwa adabu kama anauza yake. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mkewe amewaambia wanawake kisimani kwamba nimemtabiria mumewe kifo. Kwetu mtu hauzi nyumba anamoishi akiwa na afya na akili zake. Ninaomba benki imwandikie Jastin barua ya kumtaka radhi, yenye mhuri.

2. Kuhusu riba. Mnazo aina mbili, isiyobadilika na inayobadilika. Isiyobadilika, kwa mujibu wa maandishi madogo ya ukurasa wa kumi na tisa, haibadiliki kwa miaka miwili, kisha hubadilika. Inayobadilika hupanda soko likipanda na hushuka soko likishuka. Nilimwuliza afisa mikopo wenu, Bwana Gody, ni lini mara ya mwisho ilishuka. Aliinuka kwenda kufunga dirisha, nalo lilikuwa limefungwa. Aliporudi akasema, "Mzee wangu, wateja huwa hawaulizagi hayo." Ninaomba jina la mteja mmoja aliyeishuhudia ikishuka, nimtembelee kabla hajafa.

3. Mkopo ni wa miaka ishirini, lakini lazima uishe kabla mkopaji hajatimiza miaka sabini. Mimi nina sabini na sita. Sipingi sheria zenu, maana kanuni ni kanuni. Naomba tu zifuatwe mpaka mwisho. Ikiwa mkopo wangu ulipaswa kuisha kabla ya miaka sabini, basi uhesabiwe kwamba ulikwisha miaka sita iliyopita, nami nipewe barua ya pongezi kwa kulipa vizuri, pamoja na mabati.

4. Bwana Gody alikuja kuthamini kiwanja akiwa na utepe wa kupimia. Alipima kuta, akapima ua, akafika kwa Jenoveva, akasimama juu ya kaburi na kuandika "kasoro". Alinieleza kwa upole, "Kaburi linashusha thamani, Mzee. Mnunuzi akiliona anageuza pikipiki." Mheshimiwa Meneja, aliyefyatua matofali anawezaje kuwa kasoro ya nyumba? Isitoshe, ukurasa wa saba unasema kiwanja chenye mlinzi huongezewa thamani. Jenoveva yuko pale mlangoni miaka saba, usiku na mchana, hajaomba likizo, na vibaka wa hapa wanamwogopa kuliko walivyoniogopa mimi nikiwa na panga. Ninaomba neno "kasoro" lifutwe, liandikwe "mlinzi".

Bwana Gody aliuliza pia kama anaweza kuhamishwa. Nilimjibu kwamba nilipohamishiwa Bunda nilimbembeleza miaka mitatu ahame, akanijibu kwamba mihogo yake haina miguu. Sidhani amelegeza msimamo.

5. Nikishindwa kulipa, mtauza kwa mnada kiwanja na vilivyomo. Maana yake mke wangu atakuwa wenu kabla hajawa wa mnunuzi. Siwalaumu. Lakini kwetu anayetwaa nyumba ya marehemu hutwaa na kilio chake. Kwa hiyo ninaomba jina la ofisa atakayepalilia kaburi, na atakayelipia misa kila mwezi Novemba. Aidha, kwa kuwa benki inataka kuingia katika ukoo, nimekagua daftari la rambirambi nikaona kwamba haikuja matangani. Wakwe zangu walileta ng'ombe. Hata Jastin, pamoja na ubahili wake wote, alileta kuku wawili. Ninaomba ng'ombe wa benki aletwe, au thamani yake ipunguzwe kwenye riba, isiyobadilika ama ile nyingine.

6. Lalamiko la mwisho ndilo zito. Fomu yenu inataka ridhaa ya mwenza, nami naisifu sheria hiyo, kwani inawakinga wanawake dhidi ya waume wenye kalamu nyepesi. Nikaambatisha cheti cha kifo. Bwana Gody akasema cheti ni kizuri, ila mfumo una visanduku viwili tu, "anaridhia" na "haridhii", na haupokei kilichoachwa wazi. "Jaza chochote, Mzee, ilimradi tuendelee." Mimi nimelelewa kutomsemea mtu bila kumwuliza. Ninaomba benki imtume ofisa Butiama akamwulize mwenyewe, na safari hii asimame kando.

Ni matumaini yangu kwamba maombi haya sita hayatawachosha, na kwamba mkopo utatoka kabla ya mvua za vuli.

Nisalimie Bwana Gody, ambaye ni kijana mwenye subira. Nisalimie mlinzi aliyenihifadhia fimbo yangu akidhani ni silaha, na dada asiyeonekana anayeita namba za foleni. Mwambie namba arobaini na mbili alifika nyumbani salama.

Nabaki mteja wenu mtiifu,

Felisian Mugeta

Nyongeza: Jenoveva hakupata shule, kwa hiyo kila barua niliyoiandika nilimsomea barazani kabla ya kuifunga. Barua ikiwa mbaya, alichukua ungo akaanza kupepeta kabla sijamaliza. Asubuhi ya leo nilibeba kigoda nikaketi pale hatua sita kutoka mlangoni, nikamsomea na hii. Nilipofika namba sita nilikumbuka siku niliyoleta nyumbani fomu ya mkopo ya chama chetu cha akiba kule Bunda. Alisema, "Felisian, nyumba ya mkopo hulali, unailinda." Kisha akachukua ungo. Sikuwa na haja ya ofisa. Nimemwekea alama kwenye "haridhii".

Kwa hiyo ninawaomba msinipe mkopo. Nitaezeka chumba kimoja kwanza, kile kinachotazamana naye. Malalamiko yangu namba moja hadi tano yabaki kama yalivyo, hasa ng'ombe.

Barua hii inaletwa na Fundi Abdulsalam wa Nyasho, ambaye tangu Februari anapima mbao zangu na kuniambia, "Mzee Felisian, ukiendelea kungoja, bati hizo tutakuja kukufunikia wewe." Anaamini amebeba kibali changu cha kuupokea mkopo, nami sikupata ujasiri wa kumwambia vinginevyo. Tafadhali mpeni kiti na chai ya maziwa kabla ya kumsomea nyongeza.