Koti la Korido

Jumatatu, 3 Machi

Ada imepanda tena. Tangazo limebandikwa ubaoni na watu wamesimama mbele yake kama waliofiwa. Mimi nasoma historia, mwaka wa pili. Hadi jana nilikuwa naipenda. Leo nimeiuliza itanilipa nini, ikanyamaza.

Nikampigia Shangazi, aliyenilea kwa kushona nguo za watu. Hakulalamika. Alisema ana cherehani mbili na miguu miwili tu, hivyo ile ya umeme ataiuza. Nikamwambia asiiguse. Akauliza kwani ni yangu?

Haiuzwi nikiwa hai. Kampuni moja ya bima inatafuta mwanafunzi wa kufanya nao kazi likizo, na atakayepatikana watamlipia ada hadi amalize. Usaili ni Ijumaa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa bima.

Jumanne, 4 Machi

Bweni zima limekuwa la bima. Mmoja anayesoma muziki anasema iko damuni mwake. Hata Bonge, ninayelala naye chumba kimoja, msomi wa mimea, mtu anayesalimia maua kabla ya kunisalimia mimi, naye ameomba. Nimemwonya kwamba bima ni ngumu. Akanishukuru kwa kumjali. Ndivyo alivyo, hata kugombana naye huwezi.

Sasa suala la koti. Korido yetu ina koti moja la usaili, tulilorithi kwa waliotutangulia. Kila mwenye usaili hulivaa, kisha hulirudisha limepigwa pasi. Hakuna mwenye lake, ada imekula kila kitu. Hapo akili yangu ikacheza. Likipunguzwa kiuno na mabega, litanitosha mimi peke yangu. Mimi ni ufito, Bonge ni Bonge. Akili ni mali, na hii bado hawajaipandishia ada.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Shangazi ni mbali na nina majibu ya kukariri. Kwa bahati Bonge alikuwa anaenda upande ule kutafuta miche. Nikamkabidhi koti ndani ya mfuko, nimelifunga mafundo matatu, nikasema ni mzigo wa Shangazi tu. Shangazi nikamtumia ujumbe: alirekebishe limkae mtu vizuri, kuna usaili Ijumaa. Sikuandika mengi. Mwenye hila haachi nyayo.

Bonge amerudi ameshiba. Anasema Shangazi ni mtu mwema ajabu, amemlisha na kumpima kifua. Nilikuwa katikati ya jibu la saba, hilo la kifua sikulitilia maanani.

Alhamisi, 6 Machi

Koti limerudi. Ndani yake tunaenea mimi, Shangazi na cherehani zake zote mbili.

Nikampigia. Kumbe aliona aliyelileta ndiye mwenye kulivaa. Akafumua mishono, akaongeza kitambaa mgongoni, maana mtoto wa watu alikuwa hawezi kupumua. Nikasema usaili ni wangu. Akauliza kama sina mdomo. Nikakata simu, jambo lililompa ushahidi.

Nitatumia pini.

Ijumaa, 7 Machi

Niliingia mimi kwanza, Bonge baadaye, tumekubaliana kupokezana koti chooni. Msaili alikuwa mama mwenye miwani. Akauliza kwa nini bima. Nikatiririka: tangu utotoni, usiku na mchana. Hakuandika kitu. Akauliza ninasoma nini. Bila kujijua nikaanza kumsimulia wafanyabiashara wa zamani walivyogawanya mali zao kwenye misafara tofauti, ili mmoja ukiporwa asifilisike mtu. Mama akaweka kalamu chini, akasogeza kiti karibu.

Nikashtuka. Mpango ulikuwa bima! Nikamwomba radhi kwa kumpotezea muda na mambo ya kale, nikamhakikishia kwamba historia nimeachana nayo kabisa. Papo hapo pini ikanichoma kwapani, nikaruka. Akanishukuru kwa kufika.

Bonge alipolivaa alipendeza kama bwana harusi. Anasema alimwambia yule mama kwamba bima haijui, ila akiliangalia shamba anaweza kusema litakauka lini. Nikamwonea huruma. Ndiyo mtu anaongea hivyo kwenye usaili?

Jumatano, 12 Machi

Bonge amepata. Wanataka mtu wa bima ya mazao. Nimelia kidogo, nikasema ni mafua. Akaniletea chai na blanketi lake. Uchungu ulizidi, maana blanketi lilikuwa zuri.

Nikaenda kwa Shangazi kuiaga cherehani. Nikakuta foleni hadi mlangoni. Bonge amezisimulia korido zote habari za koti, na wanafunzi wameleta makoti ya baba zao na kaka zao yapunguzwe. Fundi wa jirani ameitwa kusaidia, ameketi kwenye ile cherehani ya umeme. Shangazi, pini mdomoni, akasema haiendi popote, na ada tutailipa kidogo kidogo, ameshaongea na chuo. Nimempenda hadi nikakosa pa kuweka mikono.

Ana masharti. Nimalize historia, kwa sababu nikimsimulia ile misafara hata yeye huacha kushona. Jumamosi nije nishone vifungo. Na nikitaka kitu, niseme kwa mdomo wangu, nisizungukezunguke. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 15 Machi

Vidole vyangu vimetobolewa na sindano lakini nimeshinda kwa furaha. Nimemsimulia Shangazi misafara mara mbili, wateja wakasahau zamu zao. Kweli historia ndiyo yangu.

Ila kuna mteja mmoja amedokeza kwamba shirika moja la ndege linatafuta mwanafunzi wa kumlipia ada. Sijui kwa nini sikuligundua mapema, lakini urubani uko damuni mwangu. Tatizo ni suruali. Ile ya usaili, tuliyorithi pamoja na koti, inanifika juu ya kifundo cha mguu, na kumweleza Shangazi uso kwa uso ni kujitafutia maswali.

Bahati nzuri Bonge anaenda kumsalimia kesho. Nimemkabidhi mfuko. Mafundo manne safari hii. Shangazi nimemtumia ujumbe: airekebishe imkae mtu vizuri. Sikuandika mengi.