Nyuzi Nne, Wiki Nzima

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria. Meneja ametangaza kwamba nafasi ya msimamizi wa ubora iko wazi, na ataijaza kabla wiki haijaisha, kwa mtu wa humu humu kwenye kituo chetu cha maziwa. Wanaojua kusoma kipimajoto humu ni wawili tu: mimi na shemeji yangu. Yaani kazi ni yangu, ila kuna huyo mmoja.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Anapokea maziwa mlangoni asubuhi. Ananusa kila debe, anachanganya kidogo na spiriti kwenye kichupa, yakiganda mfugaji anarudi na debe lake kichwani bila hata pole. Wafugaji wamempa jina la Pua. Kazi hii nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Yangu mimi ni ya kitaalamu zaidi. Maziwa yakishapikwa na kufungwa kwenye pakiti, yanalala chumba cha baridi kungoja gari la maduka. Kila baada ya saa mbili naingia, nasoma mshale wa kipimajoto, naandika kwenye fomu. Unatakiwa usimame kwenye nyuzi nne. Mara sita kwa siku nigande humo kwa ajili ya mshale ambao haujawahi kwenda popote!

Meneja anapenda karatasi safi. Basi leo nimejifungia stoo nikajaza fomu ya wiki nzima, mpaka Jumapili jioni. Nne, nne, tatu na nusu, nne. Kalamu ya bluu na nyeusi kwa zamu. Sahihi nyingine nimezipinda kidogo, kama za mtu mwenye haraka. Ijumaa nimeidondoshea tone la chai. Sanaa tupu.

Nikajaza na fomu ya jenereta: imewashwa, imejaribiwa, iko sawa. Sijaigusa tangu mwaka jana, lakini haina sababu ya kukataa.

Jumanne, 5 Machi

Pua amejinunulia kipimajoto chake mwenyewe. Anakivaa shingoni kwa kamba. Ameingia chumba changu cha baridi bila hodi, akatoka akasema nyuzi nne. Asante sana! Niliandika hivyo tangu jana.

Nikamnong'oneza Meneja kwamba huyu binti ana kimbelembele, anaacha mlango wake anarandaranda kwenye milango ya watu. Meneja akasema angependa wote tungekuwa hivyo. Nimerudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akasema mdogo wake alikuwa makini tangu utotoni. Sikula vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umekatika saa nne asubuhi, pakiti za leo zikiwa zimeshaingia chumba cha baridi. Nikaenda kwa jenereta kifua mbele. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena mpaka bega likalia. Jenereta iliyojaribiwa juzi kwa mkono wangu na ikaonekana iko sawa! Nikaipiga teke. Kidole kimevimba.

Saa nane mchana mshale uko kwenye kumi na tisa. Kwenye fomu, saa nane ni nne. Nikabaki nimekodoa macho, mara mshale, mara fomu. Mmoja wao anadanganya, na fomu ndiyo yenye sahihi yangu.

Pua akaja na kamba yake shingoni. Akapima, akapima tena. Akasema pakiti zote za leo zimwagwe, hakuna mjadala, zikipoa tena hakuna atakayejua zilishapata joto. Nikamwambia asilete kiherehere. Kumwaga maana yake Meneja aulize, na akiuliza nafasi inaota mbawa.

Umeme ukarudi saa tisa. Meneja akafika kutoka mjini saa tisa na nusu, mshale umeshateremka mpaka sita. Pua akamwambia kumi na tisa. Nikafungua faili, kidole gumba nimefunika kuanzia saa kumi kwenda chini, nikamwonyesha asubuhi yote: nne, nne, tatu na nusu, nne. Nikaongeza, kwa upole kabisa, kwamba vipimajoto vya madukani havitabiriki.

Meneja akasema karatasi haina chuki na mtu. Gari likapakia saa kumi. Pua akaenda kuosha vichupa vyake bila kuaga. Nimeshinda!

Alhamisi, 7 Machi

Meneja amenishika bega mbele ya wafugaji. Akasema kumbukumbu zangu ni za mfano. Nimetembea hadi nyumbani nikifanya mazoezi ya sura ya msimamizi.

Mezani nikakuta pakiti ya maziwa yetu. Mke wangu ameinunua dukani kwenye kona. Siku hizi hanunui mengine, kwa sababu mimi ndiye nimemwambia yetu ni ya uhakika. Nikaigeuza. Tarehe ya jana.

Nikainusa. Haikuwa na neno. Haikuwa na neno sana. Nikafikiri nimwambie amwage. Lakini angetaka kujua kwa nini, kisha angempigia mdogo wake simu kabla sijavua viatu. Na yalishapoa tena, jamani! Mshale ulifika sita, nilishuhudia mwenyewe.

Akanimiminia na mimi. Nikasema nimeshiba. Mtoto wetu, ana miaka minne, akanywa vikombe viwili, kile changu pia.

Ijumaa, 8 Machi

Mtoto ametapika tangu alfajiri. Mpaka saa tatu alikuwa hawezi kuinua kichwa. Nimembeba hadi hospitali, mke wangu mbele anapiga kelele watu watupishe. Wamemtundikia dripu. Mkono wenyewe mdogo, muuguzi alitafuta mshipa mara tatu. Nilitoka nje. Nimelia kwenye ukuta wa maabara, naandika tu kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Daktari ameuliza alikula nini. Mke wangu akataja kila kitu, na maziwa akayataja mwisho, akasema hayo hayana shida, ni ya kazini kwa baba yake.

Nikasema nakwenda nyumbani kuleta nguo. Nikaitoa ile pakiti kwenye takataka nikaifungia kwenye begi langu. Sijui ya nini. Kuitupa niliogopa, kuiacha niliogopa.

Jioni Pua akaja na uji kwenye chupa. Akamshika mtoto mguu muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu, mbele ya dada yake:

"Shemeji, Jumatano ilikuwa nyuzi ngapi?"

"Nne," nikasema.

Mke wangu akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Pua akambadilishia mtoto shuka akaondoka. Mtu wa visasi sana.

Jumamosi, 9 Machi

Mkaguzi! Kumbe mtoto wetu si peke yake. Kuna nyumba nne zina wagonjwa, na wote wamekunywa pakiti za Jumatano. Amefika saa tatu na nusu asubuhi, mzee mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Nikajipa moyo: fomu iko.

Nikaitoa, kidole gumba mahali pake. Akasema asante, ila yeye hupenda kushika mwenyewe. Akanyoosha mkono. Nikavuta kidogo. Na yeye akavuta. Ikatoka.

Akasoma taratibu. Akamuuliza Meneja saa ngapi sasa. Meneja akasema saa tatu na nusu. Akaniuliza na mimi. Nikasema saa tatu na nusu.

"Hapa leo saa kumi jioni ilikuwa nyuzi nne," akasema. "Na kesho ilikuwa baridi vilevile."

Nikaeleza kwamba ni makadirio. Nikaeleza kuhusu uzoefu, kwamba mtu akikaa na mshale miaka mingi anaijua tabia yake. Hakuna aliyenisaidia. Mkaguzi akataka na fomu ya jenereta, kisha akaenda kuvuta kamba mwenyewe. Unajua kilichotokea.

Pua akatoa kijidaftari. Jumatano, saa nane, kumi na tisa. Alikuwa nacho siku zote! Angeshindwa nini kunionyesha?

Kituo kimefungwa kwa siku tatu. Pakiti zote zilizobaki zimemwagwa nyuma ya jengo, Pua anazipasua kwa kisu moja moja; sasa yeye ndiye msimamizi wa ubora. Mimi nimesimamishwa, na nikirudi, kama nitarudi, ni kuosha madebe. Chini yake. Ataninusa.

Nikakimbilia hospitali nimuwahi mke wangu kabla hajaambiwa. Alishaambiwa. Nikaanza kueleza kuhusu umeme, jenereta, Meneja na makaratasi yake. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kitu kimoja tu:

"Ulisema umeshiba."

Akageuza kiti chake, akamwelekea mtoto.

Jumapili, 10 Machi

Mtoto ameruhusiwa! Amekonda, macho makubwa, lakini ameniita baba mlangoni. Nimeapa mbele ya mke wangu, mkono kifuani, kwamba mimi ni mtu mwingine. Yeye hajalala siku tatu, akajitupa kitandani na nguo zake zote.

Kabla hajafumba macho alinikabidhi kazi moja. Muuguzi ametupatia kipimajoto na fomu. Homa yenyewe bado haijaisha vizuri. Mtoto apimwe asubuhi, mchana na jioni, dakika tano kwapani, siku saba, na kila mara kipimo kiandikwe. Ikipita thelathini na nane, arudishwe mbio, usiku au mchana. Daktari atataka kuiona fomu. Nikasema niachie mimi, hiyo ni fani yangu.

Nimekaa kando ya mtoto na fomu magotini. Visanduku ishirini na kimoja. Ndiyo kwanza amepata usingizi, na kumwinua mkono ni kumwamsha, aanze kulia, mama yake aamke. Wote wanahitaji kupumzika. Hilo ni jambo la huruma, si la uvivu.

Kila mtu anajua joto la mtu mwenye afya ni thelathini na saba. Leo nimempa thelathini na saba na nusu, kwa kuwa katoka hospitali leo hii. Kesho thelathini na saba na kidogo. Jumatano thelathini na saba kamili. Ijumaa nimeipandisha pointi moja jioni, isije ikaonekana imepikwa. Mpaka Jumamosi amepona kabisa.

Na safari hii nimetumia penseli. Kalamu nitaipitisha juu siku kwa siku, saa ikifika, akija mkaguzi asikute kesho. Mtu anajifunza.

Kipimajoto nimekirudisha kwenye kasha lake, bado kipya. Mtoto amelala fofofo. Paji la uso limelowa jasho na anapumua haraka haraka. Ni hili jua la mchana.