Vita vya Feni Tatu na Mto Mmoja

Sogeeni, enyi mliowahi kudondosha skrubu ndani ya mashine mkaitafuta kwa tochi na machozi! Tegeni masikio niwasimulie jinsi Sindano Moja, mshonaji wa beji za shule, bingwa wa mikasi, mlaza pindo lisilopinda, alivyozitiisha feni tatu mchana kweupe huku mkewe amelala.

Kwani mke huyo, nesi wa zamu ya usiku, mwenye usingizi mwepesi na ulimi mkali, alikuwa ametoa tamko asubuhi ile akivua viatu mlangoni.

"Mume wangu, nakupenda. Lakini siku ya tatu hii sijalala. Hiyo kompyuta ikinguruma tena leo, nachukua mto wangu nahamia kwa dada mpaka uiuze."

Kompyuta ile Sindano Moja aliiunda kwa mikono yake, ya kwanza maishani mwake, ili achoree beji kabla ya kuzidarizi. Nayo ilikaa chumba cha kazi, ukuta mmoja wa mbao kutoka kitandani. Feni zake zilivuma kama mashine ya kusaga. Jana alipozichomoa, joto lilipanda, kompyuta ikazimia na simba wa beji amechorwa nusu. Msimwulize alimpenda nani zaidi, mke au mashine; alijiuliza mwenyewe, akajikaripia, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Lakini shujaa hakosi hila. Cherehani ya miguu haikumwamsha mkewe kamwe, alishaizoea tangu walipooana. Basi akaketi, akaikanyaga tupu bila kitambaa, tarara-tarara, na chini ya ngao ya kelele hiyo akaiwasha kompyuta, simu ameibana kwa bega.

"Ewe shemeji, fundi redio, mjuzi wa nyaya zote, nena nami saa hii ya dhiki!"

"Shem, mbona unanong'ona? Umeiba?"

"Dada yako amelala."

"Ala!" Shemeji naye, mitaa minne mbali, akashusha sauti. "Angalia hewa inaingilia wapi na inatokea wapi."

Akakata uzi mwekundu, akausogeza kwenye feni ya kwanza: ukavutwa ndani. Ya pili: ndani. Ya nyuma, iliyopaswa kuwa lango la kutolea joto: ndani! Ndipo kosa lilipomkodolea macho. Miaka ishirini ya ushonaji ilikuwa imemponza: alizifunga feni zote upande wa kupendeza ukiangalia nje, kama vazi linavyovaliwa. Hewa iliingia kwa milango mitatu, ikakosa pa kutokea. Akamweleza shemeji, naye akaamuru feni ya nyuma igeuzwe.

"Unataka niigeuze? Mimi, niliyewavalisha maharusi na wakuu wa shule, nivalishe kitu ndani nje?"

"Igeuze, Shem. Hakuna anayeangalia mgongo wa kompyuta."

Akaizima kompyuta, akaigeuza feni ya nyuma, akafumba macho kidogo kwa aibu, akaiwasha tena. Uzi ukapepea nje kama bendera, na joto likaanza kushuka. Lakini ngurumo, ole wake, ilikuwa ileile!

"Feni zina nyaya ngapi?" aliuliza shemeji.

"Tatu."

"Ubao mkuu wa kompyuta unaziamuru kwa waya wa nne, ambao hazina, ndiyo maana hazisikii. Ingia kwenye mipangilio, chagua ziongozwe kwa kiwango cha umeme. Kisha chora mstari: joto likiwa dogo ziende polepole, likipanda zikaze mwendo."

Akauchora mstari huo kwa mkono uliokata makwapa ya mashati elfu, ukapanda taratibu bila kona. Feni zikashusha pumzi. Zikanyamaza. Alisogeza sikio na hakusikia kitu ila cherehani yake mwenyewe, naye kwa furaha akaondoa miguu.

Kimya kikatanda nyumba nzima. Kitanda kikalia upande wa pili, na mke akatokea mlangoni, nywele zimevurugika.

"Kuna nini? Mbona kimya? Umeme umekatika?"

Sindano Moja akaonyesha uzi mwekundu ukicheza nyuma ya kompyuta. Mke akautazama, akaitazama skrini, akamtazama mumewe aliyekuwa karibu kulia.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi."

"Hongera, mume wangu." Akapiga mwayo. "Sasa kanyaga cherehani, nilale."

Akaikanyaga tupu mpaka jioni, kifua mbele. Na iandikwe kwa wino, au wino ukikosekana, kwa uzi mwekundu, kwamba siku ile mto haukutoka kitandani.