Viwanja Vitatu kwa Ajili ya Kifua cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi! Mahali pa likizo pamepatikana. Nimejifungia ofisini saa nzima, nikatandaza ramani mezani na kuchora duara kwa bikari ya serikali. Miaka kumi na sita ya upimaji ardhi haikwenda bure. Viwanja vitatu vya gofu, hoteli moja katikati!

Sababu ni siri. Klabu imebakiza nafasi moja ya uanachama na tunaigombea wawili, mimi na Daktari wa Meno. Kila mmoja alete kadi tatu kutoka viwanja vitatu vya ugenini, kila kadi na saini ya shahidi aliyefuatana naye mashimo yote. Mwenye mapigo machache ndiye anayeingia. Kikao ni Jumamosi ya tarehe 16. Daktari ana kadi mbili tayari, na siku hizi ananisalimia kwa huruma. Mshenzi.

Mke wangu ni muuguzi. Hatujaenda likizo pamoja kwa miaka tisa. Ameomba mambo matatu tu: alale, aogelee, asiitwe na mtu. Nikamwambia hoteli ina maji mbele ya dirisha. Akauliza kwa nini tusiende ufukweni. Nikasema hewa ya kule hotelini inafaa kifua cha mama yake. Machozi yakamlenga, akasema hakujua kama namjali mama kiasi hicho. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika. Maji yapo mbele ya dirisha, sikudanganya. Ni dimbwi la shimo la saba. Mke wangu alitoka na taulo begani, mlinzi akamwambia kwa adabu kwamba humo haogi mtu, hutumbukia mipira tu. Mapacha wetu wa miaka minane wakauliza bwawa liko wapi. Nikawaambia wavute pumzi, wasikie hewa ilivyo safi.

Hewa yenyewe ni ya nyasi zilizokatwa leo. Mama Mkwe amepiga chafya tangu tushuke garini.

Fimbo zangu nilizifunika kwa blanketi lake ndani ya buti. Mke wangu akalivuta blanketi ili amfunike mama. Akazitazama fimbo. Akasema, kumbe. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Tatizo la shahidi. Mke wangu hasemi nami, na kwenye kiwanja cha kwanza, nusu saa kutoka hotelini, kila mchezaji ana mwenzake. Nikapata wazo! Nikamwambia Mama Mkwe kwamba kigari cha umeme ni dawa ya kifua. Hesabu yangu: kabla ya shimo la tatu atakuwa anakoroma, mwishoni nitamwamsha atie saini.

Nilisahau kazi aliyostaafu nayo. Msimamizi wa mitihani, miaka thelathini na moja! Hakusinzia. Alikaa wima na kalamu mbili, ya pili ya akiba. Kwenye mchanga wa shimo la nne nikamwambia nimepiga mara nne. Akasema, baba, ni saba, maana hata ile niliyopunga nikaukosa mpira ameiona. Shimo la tisa nikausogeza mpira kwa kidole cha mguu. Akakohoa, kikohozi cha ukumbi wa mtihani. Nikaurudisha. Mimi, mtu mzima, mkuu wa kitengo!

Mapigo 143. Akatia saini, akaandika na saa.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwahidi mke wangu ziwa, ili kuleta amani. Njiani nikaomba tupitie mahali kidogo. Kidogo ikawa muda wa saa sita. Yeye na mapacha wakabaki garini chini ya mti wa maegesho, naye akalala kwenye kiti. Si aliomba alale? Sioni lawama yangu iko wapi. Tulipofika ziwani wenye mitumbwi walikuwa wanafunga minyororo.

Mapigo 151, saini ya Mama Mkwe na saa. Kiwanja kibaya.

Jumanne, 12 Agosti

Jana jioni mke wangu alinipa sharti: leo nimpeleke akaogelee, la sivyo anaondoka. Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Ndiyo maana nikatoka alfajiri na Mama Mkwe kwenye uwanja wa hoteli, niwahi kumaliza.

Hatukuwahi. Shimo la saba, ng'ambo ya dimbwi, nikamwona mke wangu anapakia mizigo. Mapacha wamekwisha kukaa kiti cha nyuma. Akanitazama. Ningekimbia ningemfikia, ni hatua mia moja na ishirini, macho yangu hayakosei umbali. Lakini mpira ulikuwa kando ya shimo kabisa! Nikamuuliza Mama Mkwe kama nitaruhusiwa kwenda na kurudi. Akasema mtahiniwa akitoka ukumbini harudi, na kwamba mke wangu si mtihani wa marudio.

Nikampungia mke wangu mkono. Akawasha gari.

Mpira ukaingia. Mapigo 138, bora kuliko yote maishani! Mama Mkwe akatia saini, akaniambia nimecheza vizuri na kwamba mimi ni mjinga. Tukarudi nyumbani kwa basi, fimbo magotini.

Alhamisi, 14 Agosti

Mke wangu na mapacha wako kwa mama yake. Ametuma ujumbe kwamba anafikiria kama atarudi. Imeniuma. Nimekaa sebuleni natazama viatu vya watoto mlangoni, nikalia, wala sioni aibu kuandika. Kisha nikajumlisha kadi. 432. Daktari anatamba kwamba ana 371. Nikalia tena.

Ijumaa, 15 Agosti

Mungu si Athumani! Katibu wa klabu amepiga simu. Daktari wa Meno ameondolewa! Shahidi wake alikuwa mkewe, na nyuma ya kadi imeandikwa kwamba shahidi asiwe ndugu, wa damu wala wa ndoa. Nimebaki peke yangu. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha nikageuza kadi zangu. Saini tatu za Mama Mkwe, na saa.

Nikampigia Katibu, nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama mtu aliyeachwa na mkewe bado anahesabiwa ana mama mkwe. Akafikiri. Akasema kama ameachwa kweli na siku ya kikao bado hawajarudiana, hapo hakuna undugu.

Baada ya dakika kumi mke wangu akapiga. Sauti laini. Mama yake amemsihi, amemwambia mtu anayevumilia mapigo 432 bila kukata tamaa hawezi kuwa mbaya kabisa. Amenisamehe. Anarudi leo na watoto.

Nikaruka kwa furaha. Nikamwambia nampenda kuliko kitu chochote duniani, na kama naye ananipenda, asirudi kabla ya Jumatatu.