Asilimia Tisini ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepimwa. Sijapita. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini, ambaye moyoni namwita Bi Tisini, aliniketisha kwenye kiti cha mashine, akanifunga mikanda, akaniambia nisukume kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Nilisukuma mpaka masikio yakapata moto. Mashine ikasema mguu wa kulia, huu uliopasuliwa goti, una nguvu theluthi mbili tu ya wa kushoto. Theluthi mbili! Mashine haina adabu.

Nikauliza tatizo ni nini, mbona goti lenyewe haliumi. Akasema kano jipya nililopandikizwa gotini limeshika vizuri, tatizo ni paja. Misuli ya paja ndiyo mlinzi wa goti. Mlinzi akiwa dhaifu, mtu anarudi uwanjani, anageuka ghafla, kano linakatika tena. Na wengine, akasema, huishia kuumia hata goti lile zima. Kwa hiyo hanipi ruhusa mpaka wa kulia ufikie asilimia tisini ya wa kushoto. Tisini, tisini. Hana wimbo mwingine.

Mechi yetu na kiwanda cha unga ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sisi wa kiwanda cha mikate hatujawahi kuwafunga bila mimi. Ni kweli hatujawahi kuwafunga hata nikiwepo, lakini tulikaribia.

Amenipangia mazoezi yale yale. Kuchuchumaa mgongo ukiwa ukutani, kupanda na kushuka kistuli, kuvuta mkanda wa mpira kwa kifundo cha mguu. Kipimo kingine Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja kabla ya mechi.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji amekuja kula chakula cha jioni. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa gari la kusambazia mikate. Amekuja na jezi yangu mwilini. Namba saba! Kocha, ambaye ndiye msimamizi wetu wa tanuri, alimpa aishikilie nilipopasuliwa. Jezi hushikiliwa kwa mkono. Mtu haivai mpaka mezani kwa mwenyewe.

Uwanjani mimi naitwa Kimbunga. Miaka yote. Shemeji akasimulia, huku akijipakulia mara ya pili, kwamba siku hizi vijana wanamwita Kimbunga Kidogo. Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, ila kwa meno tu.

Imeniuma. Nitaandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma humu: naogopa kurudi nikakuta sina nafasi. Kazini mimi ni mtu wa kufunga mikate kwenye mifuko. Uwanjani ndipo mahali pekee watu wanapopiga kelele kwa sababu yangu.

Shemeji alipoondoka nilichuchumaa ukutani. Paja likatetemeka. Nikaacha, nikala mkate.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata!

Nilikuwa nafunga mikate, mawazo yakiwa mbali, macho kwenye ile mizani ya zamani ya vitanga viwili anayopimia kocha hamira. Kitanga kimoja kikazidi. Kocha hakuongeza kitu upande mwepesi. Alichota tu kidogo upande mzito. Vikalingana.

Asilimia tisini ya nini? Ya mguu wa kushoto! Muda wote huu nahangaika kuupandisha wa kulia, kumbe kazi rahisi ni kuushusha wa kushoto. Sijui watu waliosoma walikuwa wapi. Almanusura nimkumbatie kocha na unga wake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mapumziko ya mguu wa kushoto yameanza rasmi.

Kuna ugumu mmoja ambao sikuufikiria. Ukiupumzisha mguu mzima, inabidi usimamie mgonjwa. Nilijaribu asubuhi kwenye meza ya kufungia mikate, nikasimama kama korongo, nikaangukia trei. Jioni nikavuta magongo yangu ya zamani uvunguni. Sasa natembea nayo, mguu wa kushoto nimeukunja nyuma, haugusi chini.

Mke wangu akauliza kama ugonjwa umehama. Nikamwambia ni zoezi jipya. Akarudi kwenye pasi yake. Yeye ndiye aliyenivalisha soksi wiki zote zile baada ya upasuaji, kwa uvumilivu mkubwa. Na soksi ya mwisho aliponivalisha alisema, kwa upole kabisa, kwamba kazi ile hatairudia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kazini wote wananipa pole. Kwa mguu usiohusika. Nimepewa stuli, chai na nafasi karibu na dirisha. Kocha amekuja kuniuliza kwa huruma kama ni lile lile au limekuwa jingine. Nimemjibu kwamba kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Hakuonekana kufarijika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeazima futi ya kushonea ya mke wangu, nikapima mapaja. La kushoto halijapungua hata chembe. Naona limenenepa, labda kwa kukaa. Lile la kulia ndilo lililoanza kukaza kidogo kwa sababu ya kubebeshwa mzigo wote. Nusura nikate tamaa.

Lakini kichwa hakikulala. Kama paja halitaki kupungua, basi lichoke! Misuli iliyochoka haina nguvu, hata mtoto anajua. Ijumaa nitauchosha wa kushoto kabla ya kuingia kwa Bi Tisini mpaka ujute kuzaliwa. Chumba chake kiko ghorofa ya juu kabisa. Ngazi ni za bure.

Jumatano, 13 Agosti

Shemeji amepiga simu. Anasema, "Shem, nina neno kuhusu ile jezi." Nikamwambia nina shughuli, tutaongea baada ya mechi. Ninalijua neno lake. Anataka nimwachie moja kwa moja. Sitaki kulisikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Ninaandika nikiwa nimelala chali. Nitaeleza kwa utaratibu.

Nilipanda ngazi zote za hospitali nikirukaruka kwa mguu wa kushoto peke yake. Mlinzi akauliza kama anitafutie kiti cha magurudumu. Nesi mwenye trei ya dawa akajibana ukutani kunipisha, akasema pole baba. Juu nikaingia chooni, nikachuchumaa ukutani kwa mguu huo huo mpaka jasho likadondoka sakafuni. Nilipotoka paja lilikuwa kama unga uliozidi maji.

Kitini sikuigiza hata kidogo, Mungu shahidi yangu. Wa kulia niliusukuma kwa roho yote. Wa kushoto nao niliusukuma kwa roho yote, lakini roho ilikuwa imeshuka chini. Mashine ikafikiri. Asilimia tisini na tatu!

Bi Tisini hakufurahi. Alikunja uso, akaanza kupekua majibu yangu ya zamani, akasema, "Kaka, hebu subiri kidogo." Nisubiri nini? Nikachukua karatasi yangu, huyo nje. Kwenye ngazi nikampigia kocha. Nikamwambia namba saba inarudi kwa mwenyewe. Kocha akapiga kelele za furaha, na nyuma yake nikasikia watu wa tanuri nao wakipiga kelele. Kwa ajili yangu! Nikateremsha mguu wa kushoto.

Mguu haukuja. Ulikuwepo, lakini haukuja kazini.

Kufumba na kufumbua niko chini, na goti la kushoto limetoa ule mlio ambao mtu akishausikia mara moja hausahau. Bi Tisini akashuka na majibu yangu ya zamani mkononi, akaokota na karatasi yangu mpya. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Alichuchumaa pembeni yangu, vizuri kabisa, bila kutetemeka. Akanieleza kwamba wa kulia umepanda kidogo tu, wa kushoto ndio ulioporomoka. Asilimia tisini na tatu ya mguu dhaifu ni mguu dhaifu. Sasa nina walinzi wawili, akasema, na wote wamelala.

Simu ilikuwa bado hewani. Kocha alisikia yote.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumbani. Mguu wa kushoto umefungwa, umenyooshwa kitandani. Daktari anasema kano limechanika kidogo, halijakatika. Huenda nisipasuliwe, lakini mpira niusahau kwa miezi mingi.

Asubuhi mke wangu aliingia na soksi. Akaniwekea mkononi, akatoka. Nilikaa nazo. Baadaye akarudi, akapiga magoti, akanivalisha. Nilitaka kusema samahani. Nilimshika bega tu. Akasema nisimfanye alie, ana kazi nyingi.

Jioni akaja shemeji. Wamefungwa nne bila. Jezi ameifua, ameipiga pasi, ameikunja, akaniwekea mapajani. Ndipo akalitoa lile neno la Jumatano. Kumbe tangu nilipopasuliwa alimwambia kocha kwamba namba saba ni ya Kimbunga, hata ukipita mwaka. Aliivaa ili asipewe kijana mmoja wa ghala, ambaye asingeirudisha. Na akaniambia kukimbia hakupendi, kunamtia kichefuchefu. Kwa simu ile alitaka tu kunituliza nisiharakishe.

Machozi yakanilengalenga. Nikasingizia goti. Shemeji akanifunika miguu kwa shuka, akaenda kula chakula changu.

Nafasi yangu ipo. Ilikuwepo siku zote. Leo nitalala vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Bi Tisini amenipitia hadi nyumbani, kwa hisani yake. Ameshika goti huku na huku, akasema tutaanza upya, polepole, miguu yote miwili, bila ujanja. Jezi inanisubiri, basi nami niisubiri. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akiitikia kila neno.

Nikamwuliza Bi Tisini, kwa unyenyekevu, safari hii nitapimwa vipi. Akasema ni vile vile, ila sasa tutaugeuza mpango. Mguu wa kulia ndio mzima wetu, na wa kushoto lazima uufikie kwa asilimia tisini. Akanisihi niutunze sana huo wa kulia. Nikamhakikishia kwamba nimemwelewa kabisa.

Tangu alipoondoka mguu wa kulia uko juu ya mto. Haubebi kitu, haukunjwi, haukanyagi. Mke wangu ameuliza sababu. Nimemwambia ni zoezi jipya.